Kumlaza tumbili kwa dawa na kumwamsha: maswali na majibu

Tumbili hulazwa kwa dawa gani?
Mara nyingi ni ketamini na medetomidini, zikichomwa pamoja kwenye msuli wa paja. Ketamini peke yake huhitaji miligramu 10 hivi kwa kila kilo ya uzito, na mnyama huamka polepole, akipepesuka. Ukiongeza medetomidini miligramu 0.05 kwa kilo, ketamini inatosha miligramu 4 tu kwa kilo.

Hesabu yake ikoje?
Chukua tumbili wa kilo 4. Medetomidini ni miligramu 0.2, kichupa kina miligramu 1 kwa mililita, basi vuta mililita 0.2. Ketamini ni miligramu 16, yaani mililita 0.16 kwenye kichupa cha miligramu 100 kwa mililita. Dawa ya kutengua, yaani ya kumwamsha, ni atipamezoli: ina miligramu 5 kwa mililita, na dozi yake ni mara tano ya miligramu za medetomidini, yaani miligramu 1: mililita 0.2 vilevile. Ivute mapema na ubandike jina kwenye bomba la sindano. Dawa zote hizi ni kama maji, huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Kazi imeisha dakika ya 15. Nimwamshe?
Hapana. Atipamezoli huondoa medetomidini tu, ketamini haiigusi. Ukiharakisha, ketamini inabaki peke yake: viungo vinakakamaa, mnyama anahangaika, pengine anapata degedege. Subiri dakika 30 hadi 40 tangu ulipochoma ketamini. Kisha choma atipamezoli msulini. Ukipitisha mshipani, shinikizo la damu laweza kuporomoka.

Mambo huharibikia wapi?
Kwenye mashavu, kwanza. Tumbili aliyenyimwa chakula usiku kucha bado anaweza kuwa na karanga kwenye vifuko vya mashavu, na akilegea zinamwingia kooni. Akishalala kabisa, minya mashavu kwa nje kuelekea mdomoni.

Moyo utapunguza kasi. Usikimbilie atropini, dawa ya kuongeza kasi ya moyo, maana medetomidini huwa imepandisha shinikizo la damu tayari. Joto likishuka chini ya nyuzi 36, mfunike na umpashe. Macho hubaki wazi, yapake mafuta yake. Na nyamazeni: mlango ukibamizwa, mnyama anayeonekana amelala fofofo anaweza kuzinduka na kung'ata.

Mhudumu akijichoma kwa bahati mbaya?
Medetomidini humshusha binadamu mapigo ya moyo na kumletea usingizi mzito. Akae chini, apelekwe hospitali pamoja na kichupa. Asiendeshe gari mwenyewe, hata akisema yuko sawa.