Dhoruba za Jua: Yanayosemwa Nairobi na Yalivyo

Habari za mlipuko kwenye jua zikitangazwa, makundi ya WhatsApp hapa Nairobi hupata jumbe za aina mbili: za kututisha, na za kutuahidi aurora, ile mianga ya rangi angani, usiku huohuo.

"Leo usiku aurora itaonekana Nairobi." Haitaonekana. Mlipuko mkubwa mara nyingi huandamana na wingu la chembechembe zenye chaji ya umeme, na likielekea kwetu hufika baada ya siku moja hadi tatu na kuleta dhoruba. Sumaku ya dunia huziongoza chembechembe hizo hadi maeneo ya karibu na ncha za dunia, kaskazini na kusini, ambako hugonga oksijeni na nitrojeni kilomita 100 na zaidi juu yetu. Hapo ndipo rangi zinapozaliwa. Sisi tuko mbali kabisa na ncha zote mbili. Ikweta ya sumaku, mstari ulio katikati ya ncha za sumaku ya dunia, inapita Ethiopia, jirani tu. Dhoruba ya Mei 2024, kali kuliko zote tangu 2003, ilileta aurora hadi Mexico na Afrika Kusini, Nairobi hakuna kitu. Ile ya Februari 4, 1872 ilionekana Khartoum, na hata hiyo ni ajabu ya karne. Wekundu unaouona mawinguni upande wa Industrial Area ni taa za mji.

"Zima simu saa sita na nusu usiku, miale hatari inapita." Ujumbe huu hurudi kila mwaka, na huwanyima wazee usingizi bure. Eksirei za mlipuko humezwa na angahewa kabla hazijatufikia. Isitoshe, usiku wa manane dunia nzima imesimama kati yako na jua. Joto la Februari nalo, ambalo wengine hulisingizia milipuko hiyo, ni la msimu.

"Basi sisi wa Ikweta hayatuhusu." Hapa ndipo ningependa tutulie, maana dhana hii ndiyo inayotupotosha zaidi. Mwanga na eksirei za mlipuko hufika kwa dakika nane na ushee, na hupiga kwa nguvu zaidi pale jua lilipo utosini. Pale ni kwetu, saa sita mchana. Tabaka la chini la ionosfera, sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji ya umeme, hujaa chaji na kumeza mawimbi mafupi ya redio, yale wanayotegemea marubani na manahodha walio katikati ya Bahari ya Hindi. Kimya hicho huweza kudumu dakika kadhaa au hata zaidi ya saa. Redio za FM na simu za mkononi hutumia masafa ya juu zaidi, kwa hiyo matatu itaendelea na muziki wake.

GPS ni hadithi nyingine. Ukanda wa Ikweta una ionosfera yenye vurugu kuliko sehemu nyingi za dunia. Baada ya magharibi, hasa karibu na Machi na Septemba, mapovu ya hewa yenye chaji chache hupanda juu na kuyumbisha mawimbi ya setilaiti. Hayo hutokea hata bila dhoruba, na dhoruba huweza kuyazidisha au kuyazima. Mpima ardhi anayetafuta bikoni ya ploti Kitengela anahitaji usahihi wa sentimita, na siku ambayo ionosfera imechafuka kifaa chake kinaweza kugoma kumpa. Huyu ndiye anayestahili tahadhari, kuliko mama aliyeambiwa azime simu.

"Jua ndilo lililokata intaneti." Mei 12, 2024 intaneti ilidorora Afrika Mashariki, siku mbili tu baada ya dhoruba ile kuanza, na wengi wangeunganisha mambo hayo mawili. Kilichotokea ni kwamba nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika kaskazini ya Durban. Umeme ni kweli unaweza kuangushwa na dhoruba: Machi 13, 1989 Quebec nzima ilizimika kwa takriban saa 9, watu wapatao milioni 6 gizani. Lakini Quebec iko karibu zaidi na ncha kuliko sisi. Stima ikipotea Umoja, anza na transfoma.

Anayeitamani aurora kwa dhati aweke akiba ya kwenda Tromsø, Norwe, kati ya Septemba na Machi. Asiye na nauli hiyo aende Magadi usiku usio na mwezi, aweke kamera kwenye tripodi na kuiacha wazi sekunde 30. Huenda picha ikatoka na ukijani hafifu: ni oksijeni ya angani ikitoa mwanga wake yenyewe, bila dhoruba yoyote.