Udhamini wa mwenza: maana ya "kuitwa na mume" Kanada, na pale viza ya muda inapoingia

Zanzibar tunasema "fulani kaitwa na mumewe", na watu huelewa kwamba kilichobaki ni tiketi. Kisheria kinachofanyika ni udhamini wa mwenza. Kila nchi ina wake. Hapa naeleza wa Kanada, kwa sababu familia kadhaa za Unguja na Pemba zina watu wao huko na maswali ni mengi kuliko majibu.

Udhamini wa mwenza ni ombi lenye watu wawili. Aliyeko Kanada anaomba akubaliwe kuwa mdhamini, na mwenziwe anaomba ukaazi wa kudumu. Karatasi zao zinakwenda pamoja lakini kila mmoja anapimwa kivyake. Mke anaweza kuwa safi kabisa na ombi likakwama kwa sababu ya mume, na kinyume chake.

Mdhamini lazima awe ametimiza miaka 18, tena awe raia wa Kanada au mkaazi wa kudumu. Mkaazi wa kudumu anatakiwa awe anaishi Kanada wakati wa kuomba. Raia anaweza kuomba hata akiwa nje, ilimradi aonyeshe kwamba mwenza akipata ukaazi wataishi Kanada. Kwa anayemwita mume au mke peke yake hakuna kima cha chini cha mshahara, tofauti na Uingereza, ambako tangu Aprili 2024 maombi mapya yanadai kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Lakini mtu anayeishi kwa msaada wa serikali usiotokana na ulemavu hakubaliwi, wala anayedaiwa matunzo ya watoto yaliyoamriwa na mahakama. Na aliyeingia Kanada kwa kudhaminiwa na mke au mume wa zamani hawezi kumdhamini mwengine mpaka ipite miaka 5 tangu apate ukaazi wake.

Kiini cha udhamini ni ahadi, na mdhamini huitia saini kwenye fomu nambari IMM 1344. Anaahidi kumtunza mwenza kwa miaka 3, kuanzia siku mwenza anapokuwa mkaazi wa kudumu. Katika muda huo mwenza akichukua msaada wa serikali wa kujikimu, mdhamini ndiye anayedaiwa pesa hizo. Jimbo la Quebec, lenye mji wa Montreal, lina hatua zake za ziada, kwa hiyo aliyeko Montreal asifuate maelezo ya jamaa yake wa Toronto neno kwa neno.

Sasa tuje kwenye ndoa yenyewe, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara. Huku kwetu ndoa za Kiislamu zinakwenda kwa sheria ya dini, na migogoro yake husikilizwa na Mahakama ya Kadhi. Kanada haina tatizo na hilo. Ndoa iliyo halali ilikofungwa inakubalika, lakini iwe halali pia kwa sheria za Kanada, na sharti hilo la pili ndilo linalozuia mambo mawili ambayo kwetu ni ya kawaida.

La kwanza ni ndoa ya simu au ya wakala. Tangu Juni 2015 Kanada haikubali, kwa ajili ya uhamiaji, ndoa ambayo mmoja kati ya wawili hakuwepo mwenyewe wakati inafungwa. Bwana yuko Edmonton, amewakilishwa na kaka yake msikitini Chake Chake, mahari imetolewa, mashahidi wapo, khutba imesomwa. Kwa dini akdi imepita. Kwa uhamiaji wa Kanada hakuna mke hapo. Inasikitisha kuona familia imeshatumia fedha nyingi ndipo inaambiwa hivyo. Njia zinazobaki ni kufunga upya wote wawili wakiwepo, au kuthibitisha kwamba wameishi nyumba moja mwaka mzima mfululizo kama wenza. Kwa hiyo kijana aliyeko huko na anayetaka kuoa nyumbani, akate tiketi kwanza aje, ndipo siku ya akdi itajwe.

Na hata akija, kuna jambo la mila. Akdi zetu nyingi hufanyika msikitini: bwana harusi ameshikana mkono na walii, na bi harusi yuko nyumbani chumbani na jamaa zake wa kike. Baadaye ndipo mume huingia kumuona mkewe. Sisi hatuoni ajabu yoyote, lakini afisa aliyezoea kuona maharusi wamesimama pamoja atauliza mke alikuwa wapi. Ushauri wangu ni kwamba akdi ifanyike katika nyumba ile ile alimo bi harusi, zipigwe picha za akdi na za hao wawili pamoja siku ile ile, na barua ya maelezo iseme wazi jinsi walii anavyomuozesha binti na ridhaa yake ilivyochukuliwa. Ukurasa mmoja unatosha.

La pili ni mke wa pili. Kanada uke wenza ni kosa la jinai, na mwanamume mwenye mke hawezi kumdhamini mwengine aliyemuoa juu yake. Hata akimwacha wa kwanza baadaye, ile ndoa ya pili ilifungwa wakati ya kwanza iko hai, kwa hiyo inabidi ifungwe upya. Hapa pia huingia talaka za mdomo. Mtu ameacha miaka 6 iliyopita, mtaa mzima unajua, sheha anajua, lakini hakuna cheti. Kwenye faili yule bado ni mke wake. Talaka isajiliwe na cheti kipatikane kabla ya kufunga ndoa mpya, maana afisa huziweka tarehe mbili hizo ubavu kwa ubavu.

Ndoa ikishakubalika kwa sura, inaulizwa kama ni ya kweli. Kanuni za Kanada zinakataa ndoa isiyo ya kweli, na pia ile ambayo shabaha yake kubwa ni kupata karatasi. Fomu IMM 5532 inawauliza mlijuana vipi, nani alikutambulisheni, familia zimekutana wapi, harusi ilikuwaje na nani alihudhuria. Ndoa za kuposewa hazikataliwi. Tatizo ni watu kuona haya kueleza kwamba mama ndiye aliyetafuta mchumba, kisha wakatunga hadithi ya kukutana ufukweni Forodhani, na mume na mke wakaitunga kila mmoja vyake. Andikeni kilichotokea: nani alikwenda kuposa, jibu lilichukua muda gani, mlianza kuzungumza lini. Wekeni risiti za pesa alizotuma, kurasa chache za mazungumzo ya WhatsApp za miezi tofauti, tiketi za safari alizokuja, na picha zenye wazee wa pande zote mbili.

Kuna kero nyingine ndogo inayochelewesha mafaili: majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandika Mwanaisha Hamisi, pasipoti inasema Mwanaasha Khamis Juma, cheti cha ndoa kimemwita Asha Khamis. Kwetu ni mtu mmoja na kila jirani atakula kiapo, lakini kwa anayesoma faili ni wanawake watatu. Pitieni vyeti vyote herufi kwa herufi pamoja na tarehe za kuzaliwa, na makosa yarekebishwe kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kabla ya kutuma. Vyeti vya Kiswahili vitafsiriwe Kiingereza au Kifaransa. Tafsiri isifanywe na mwombaji wala jamaa yake wa karibu, hata kama jamaa huyo ni mfasiri wa kazi hiyo.

Watoto wote watajwe. Wa ndoa ya zamani, wa nje ya ndoa, anayelelewa na bibi yake Wete, hata yule ambaye hatosafiri. Mtoto ambaye hakutajwa na hakupimwa wakati mzazi anapata ukaazi, kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye na mzazi huyo. Kanada ililegeza kidogo kwa baadhi ya kesi kuanzia 2019, lakini asiwepo mtu wa kujenga maisha ya mtoto wake juu ya ulegezaji huo.

Mambo ya afya, alama za vidole na hati ya polisi sitayakalia. Yana maelekezo yake kwenye barua wanayokutumieni, daktari lazima awe kwenye orodha yao, na kwa watu wa Visiwani inamaanisha kuvuka kwenda Dar es Salaam.

Ombi la udhamini linaweza kuchukua mwaka na zaidi. Katika kungoja huko ndipo linapokuja wazo la viza ya muda, yaani mke aende kumtembelea mumewe. Hili ni ombi jengine kabisa, na swali lake limeelekea upande wa pili. Kwenye udhamini unathibitisha kwamba mnataka kuishi pamoja Kanada. Kwenye viza ya matembezi unathibitisha kwamba muda ukiisha utaondoka. Watu wanaona mambo hayo mawili yanagongana, hivyo wanaficha moja. Sheria yenyewe ya uhamiaji ya Kanada, kifungu cha 22(2), inasema kwamba kuwa na nia ya ukaazi wa kudumu hakumzuii mtu kuingia kwa muda, mradi afisa aridhike kwamba ataondoka muda wake ukimalizika. Nia mbili zinaruhusiwa, na inafaa zisemwe zote mbili.

Barua nzuri ya mwalimu wa skuli ya Mkoani, kwa mfano, ingesema: nimeolewa, mume wangu ni mkaazi wa Kanada, tumeshaomba udhamini na nambari ya faili ni hii, naomba kwenda likizo ya miezi miwili, mwajiri ameniruhusu kwa barua hii, na jibu la udhamini likiwa halijatoka nitarudi kungoja nyumbani. Viza kama hizi hukataliwa mara nyingi, nisikufiche. Lakini kukataliwa viza ya matembezi peke yake hakuuwi ombi la udhamini. Kinachoua ni uongo. Mwanamke akijaza kwamba hajaolewa ili aonekane hana sababu ya kubaki, kisha mwaka unaofuata akapeleka cheti cha ndoa cha kabla ya hapo, anaweza kufungiwa miaka 5 kwa kutoa maelezo ya uongo.

Akipewa viza na kuingia, kwa kawaida huruhusiwa kukaa miezi 6. Haruhusiwi kufanya kazi, hata ya kusaidia dukani kwa shemeji. Akitaka kukaa zaidi aombe kabla tarehe haijapita. Akiomba mapema anaendelea kuwa halali mpaka ajibiwe. Tarehe ikimpita ana siku 90 za kuomba kurudishiwa hadhi yake. Na ombi la udhamini likishapokelewa rasmi naye anaishi na mdhamini huko huko, anaweza kuomba kibali cha kazi kisichomfunga kwa mwajiri mmoja.

Mke ambaye tayari yuko Kanada anaweza pia kuchagua mlango: ombi la ndani au ombi la nje. La ndani linataka waishi pamoja Kanada, na akitoka nje ya nchi hakuna uhakika wa kurudi. La nje linamruhusu kusafiri, na likikataliwa mdhamini ana haki ya kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za uhamiaji, haki ambayo ombi la ndani halina. Mtu aliyemo Kanada kwa matembezi hazuiwi kutumia mlango wa nje. Mwenye mama mgonjwa Unguja, ambaye huenda akaitwa wakati wowote, namshauri autumie huo.

Kisha kuna jambo ambalo ningependa kila mwanamke alijue kabla hajapanda ndege. Kabla ukaazi haujatolewa, mdhamini anaweza kuuondoa udhamini na ombi likafa. Ukishatolewa, hana tena uwezo huo. Kati ya 2012 na 2017 baadhi ya wenza walilazimika kuishi na mdhamini miaka 2 ndipo ukaazi wao ukamilike, na wapo waliovumilia kupigwa kwa sababu hiyo. Sharti hilo limefutwa. Mume anayemwambia mkewe "nitakurudisha Zanzibar nikitaka" anamtisha kwa kitu asichokuwa nacho, maadamu ndoa ilikuwa ya kweli na maelezo ya ombi yalikuwa ya kweli. Mke anaweza kuondoka nyumba hiyo, akaita polisi, na ukaazi wake ukabaki.

Akiachwa, talaka haifuti ahadi ya mdhamini: miaka 3 itaendelea kuhesabiwa kama kwamba bado wako pamoja. Naye mke akipata mchumba mwengine Pemba na akataka kumwita, atangoja mpaka atimize miaka 5 tangu siku aliyopata ukaazi wake.