Monasteri za kale za Offaly: anza na udongo, kanisa lije baadaye

Kaunti ya Offaly ipo katikati ya Ayalandi, mbali na bahari, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni kinamasi. Hiki ni kinamasi cha mboji: mimea iliyokufa ndani ya maji kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa, ikarundikana hadi mita kadhaa kwenda chini. Ng'ombe akiingia huzama, na gari la kukokotwa halipiti. Katikati ya unyevu huo wote hupita matuta marefu, membamba, ya mchanga na changarawe, yaliyoachwa na mito iliyokuwa ikitiririka chini ya barafu wakati wa zama za barafu. Waayalandi huyaita eiscir. Juu ya tuta ni pakavu mwaka mzima, kwa hiyo tuta lenyewe likawa barabara.

Naanza na hilo kwa sababu kosa kubwa kuliko yote kuhusu monasteri hizi ni kudhani kwamba watawa walikimbilia nyikani ili wasionekane na watu. Wako waliofanya hivyo kwenye visiwa vya Atlantiki. Offaly hali ilikuwa kinyume. Hapa walijenga njiani, penye watu, mifugo na wafalme wakipita. Ukilishika hilo, mawe yaliyobaki yanaanza kueleweka.

Clonmacnoise ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Mtawa Ciarán aliianzisha miaka ya 540, mahali ambapo njia kuu ya mashariki hadi magharibi, iliyofuata matuta yale, inakutana na Mto Shannon unaoshuka kutoka kaskazini kwenda kusini. Yeye mwenyewe alifariki muda mfupi baadaye, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, lakini mahali palikuwa pamechaguliwa vizuri mno kuweza kufa naye. Miaka ya 1990 wapiga mbizi walikuta mtoni mabaki ya daraja la mbao za mwaloni, lenye urefu wa zaidi ya mita 100. Kwa kuhesabu pete za miti, mbao zake zilipatikana kuwa zimekatwa karibu na mwaka 804. Jamii inayovusha watu juu ya Shannon kwa daraja la namna hiyo haijajificha. Huo ni mji, wenye mafundi, masoko na nyumba za kawaida: tarikhi za Kiayalandi, yaani kumbukumbu zilizoandikwa mwaka kwa mwaka, zinaandika kwamba mwaka 1179 ziliungua nyumba 105.

Mji wa njia panda huvuta vita pia. Wageni wengi huuliza habari za Wavikingi, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, na ni kweli walikuja kwa mashua wakipanda Shannon. Lakini ukisoma tarikhi mwaka kwa mwaka utaona majirani Waayalandi wakichoma na kupora mara nyingi kuliko wageni wa baharini. Mwaka 833 Feidlimid, mfalme wa Cashel, aliua watu wa jamii ya Clonmacnoise na kuchoma ardhi yao hadi mlangoni mwa kanisa. Kisha akafanya vivyo hivyo Durrow, monasteri nyingine ya Offaly. Na monasteri zenyewe zilipigana: mwaka 764 Clonmacnoise na Durrow ziliingia vitani, na watu 200 wa upande wa Durrow wakauawa. Habari hiyo hushtua, lakini haishangazi ukikumbuka kwamba abati, yaani mkuu wa monasteri, alikuwa pia mwenye ardhi, mifugo na wapiganaji, na nyuma yake alikuwepo mfalme wa kumlinda.

Sasa tuje uwanjani. Kitu cha kwanza kutafuta kwenye kituo chochote cha kale hapa ni boma. Kila monasteri ilizungushiwa tuta la udongo na handaki, mara nyingi mizunguko miwili au mitatu: ndani kabisa kanisa na makaburi, katikati mafundi na makazi, nje mashamba na mifugo. Mistari hiyo mara nyingi imebaki katika umbo la ua wa shamba au kona ya barabara inayopinda bila sababu. Rahan, magharibi ya mji wa Tullamore, ni mahali pazuri pa kujifunzia. Boma lake lina umbo kama herufi D na linafahamika wazi ukitazama picha iliyopigwa kutoka angani. Ukiwa chini, nenda wakati wa baridi, jua likiwa chini na nyasi fupi; kiangazi nyasi hufunika kila kitu, nawe utarudi ukisema hapana kitu. Seirkieran, kusini mwa kaunti, ni kubwa zaidi, na matuta yake bado yanaonekana wazi malishoni. Hayo ni malisho ya mtu, kwa hiyo omba ruhusa kwanza na ufunge kila geti nyuma yako.

Baada ya boma, tazama kuta. Jengo la mawe halina tarehe iliyoandikwa mlangoni, lakini lina dalili. Mlango ambao miimo yake inakaribiana kadiri inavyopanda, ukafunikwa juu kwa linta moja ya jiwe, kwa kawaida ni wa kabla ya karne ya 12. Ukuta wa pembeni uliojitokeza kupita ukuta wa mbele, kama mabega mawili, ni kumbukumbu ya makanisa ya mbao, ambapo nguzo za pembeni zilibeba paa. Mwashi ameendelea kuiga kazi ya seremala hata baada ya mbao kuisha. Tao la nusu duara lenye mapambo ya mistari ya zigizaga ni mtindo wa Kiromaneski wa karne ya 12. Tao lenye ncha ni la baadaye. Hatari iko hapa: mawe yalihamishwa sana. Kanisa dogo la Rahan limejengwa karne kadhaa baada ya mtindo wa Kiromaneski, lakini mlango wake umetolewa kwenye jengo la zamani zaidi. Ukitoa tarehe ya jengo zima kwa kuangalia mlango peke yake, umekosea. Kanisa kuu la Clonmacnoise lina mtego wa aina hiyo pia: lilijengwa mwaka 909 na mfalme Flann pamoja na abati Colmán, lakini mlango wa magharibi hauko katikati, kwa sababu ukuta wa kusini ulijengwa upya ndani zaidi. Na mlango wa kaskazini, wenye sanamu za watakatifu Fransisko, Patrisi na Dominiko, ni wa karne ya 15.

Flann na Colmán hao hao wametajwa kwenye Msalaba wa Maandiko, jiwe la mchanga la urefu wa karibu mita 4, lililochongwa pande zote. Upande wa magharibi kuna kusulubiwa, mashariki hukumu ya mwisho. Zingatia hili: misalaba inayosimama nje ni nakala. Mvua na ukungu vilikuwa vinakula jiwe la mchanga, kwa hiyo miaka ya 1990 ile ya asili iliingizwa ndani ya jengo la wageni. Watu wengi hupiga picha nakala, wakaondoka bila kuingia ndani. Durrow nako, karibu kilomita 7 kaskazini mwa Tullamore, msalaba wa karne ya 9 umeingizwa kanisani kwa sababu hiyo hiyo.

Kitu ninachokipenda zaidi Offaly ni mabamba ya makaburi. Clonmacnoise peke yake imetoa mamia, mkusanyiko mkubwa kuliko wowote wa aina yake Ayalandi, na Gallen, karibu na Ferbane, ina mengi mazuri. Bamba la kawaida lina msalaba na jina. Maneno hufuata kanuni fupi: OR DO, mkato wa oróit do, yaani ombi kwa ajili ya fulani. Ukizishika herufi hizo mbili, OR, utaanza kuzisoma mwenyewe. Bamba moja linasema OR DO THUATHAL SAER: mwombeeni Tuathal fundi. Hakuwa mfalme wala askofu, alikuwa mtu wa kazi za mikono, na jina lake limedumu zaidi ya miaka elfu. Kusoma herufi zilizofifia unahitaji mwanga wa pembeni tu: tochi iliyoshikwa chini, sambamba na uso wa jiwe. Usipake chaki na usisugue kwa karatasi na kalamu ya nta. Chaki huingia kwenye vinyweleo vya jiwe, na kila msuguo huondoa punje za mchanga. Kumbuka pia kwamba sheria ya Ayalandi inakataza kutafuta vitu vya kale kwa kifaa cha kugundua vyuma bila kibali.

Kuhusu minara ya mviringo nitasema kidogo, maana imeshasemwa sana. Jina la Kiayalandi ni cloigtheach, nyumba ya kengele, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Mlango uko juu mita kadhaa, na watu husema ni kwa ajili ya kujificha humo. Lakini misingi ya minara hii mara nyingi haiendi chini sana, na kutoboa mlango chini kungedhoofisha pale panapobeba uzito wote. Mnara ulio mtupu ndani, wenye sakafu za mbao, ukitiwa moto huwa dohani. Mnara mkubwa wa Clonmacnoise ulikamilika mwaka 1124, na mwaka 1135 radi ikaukata kichwa. Ndiyo maana leo una mita 19 tu na hauna paa la ncha. Ukitaka kuona paa hilo lilivyokuwa, tembea hatua chache hadi Temple Finghin, ambako mnara mdogo umeunganishwa na kanisa, mlango wake uko chini, na mawe ya paa yamepangwa kama mifupa ya samaki.

Kinamasi kilichozuia njia ndicho pia kilichotunza vitu, kwa kuwa maji yake hayana hewa ya kuozesha. Lemanaghan, monasteri ya mtakatifu Manchán, ilikuwa kama kisiwa katikati ya mboji, na ndani ya kinamasi kinachoizunguka zimepatikana njia za mbao za zama mbalimbali. Sanduku la masalia ya Manchán, la karne ya 12, limetengenezwa kwa mbao na shaba katika umbo la paa la nyumba, na linatunzwa kanisani Boher, si makumbusho. Mwaka 2012 liliibwa, likapatikana upesi. Na kilomita chache nje ya mpaka, upande wa Tipperary karibu na Birr, mwaka 2006 mashine ya kuchimba mboji ilifukua kitabu cha Zaburi cha mwaka 800 hivi, ndani ya jalada la ngozi ambalo bitana lake lina mafunjo, karatasi ya mimea ya aina ile ya Misri. Mafunjo hayaoti Ayalandi.

Vitabu vyenyewe vimehama. Kitabu cha Durrow, Injili za karne ya 7, kiko Trinity College Dublin. Karne ya 17 kilikuwa kikichovywa majini ili maji hayo yanyweshwe ng'ombe wagonjwa. Injili za Mac Regol, abati wa Birr aliyefariki mwaka 822, ziko Oxford. Birr yenyewe ilikuwa mahali pa mkutano wa mwaka 697 uliopitisha sheria ya abati Adomnán, ya kuwalinda wanawake, watoto na makasisi wakati wa vita. Leo mjini hapo hakuna mengi ya kuona ya wakati huo.

Ukifika Clonmacnoise, bakiza nusu saa kwa ajili ya kanisa la watawa wa kike. Liko nje ya uzio, mashariki, kwa njia ya miguu kupitia makaburi mapya, na wageni wengi hawalifikii. Derbforgaill, mwanamke wa ukoo wa kifalme, alilikamilisha mwaka 1167. Mlango na tao la altare ni Kiromaneski bora kabisa kilichobaki kaunti hii. Tazama tao hilo polepole, jiwe kwa jiwe, kwa kuwa katikati ya zigizaga zake kuna umbo dogo la mtu aliyejikunja, na jicho lisipoelekezwa hulipita.