Uoanifu wa programu: kwa nini simu moja inakubali na nyingine inakataa

Mtu ananunua simu mtumba pale Mwanjelwa, Mbeya, anaingia Play Store kutafuta programu aliyoiona kwa mwenzake, anaambiwa kifaa chake hakioani nayo. Lawama zote zinaenda kwa kampuni iliyotengeneza simu. Mara nyingi kampuni haina kosa.

Uoanifu ni hali ya programu kuweza kuingia kwenye simu fulani na kufanya kazi inavyotakiwa. Kinachoamua kwanza ni toleo la Android, yaani mfumo unaoendesha simu. Mwenye programu huweka toleo la chini kabisa analolihudumia. WhatsApp, Oktoba 2023, ilianza kutaka Android 5.0 kwenda juu. Halafu kuna prosesa, chipu inayofanya kazi za simu; zipo za biti 32 na za biti 64, zinazoshika data nyingi zaidi kwa mkupuo: programu iliyoundwa kwa biti 64 tu haiingii kwenye simu ya biti 32, hata nafasi iwe tele.

Lakini programu kuingia si kufanya kazi, na hapo ndipo watengenezaji wa simu wanapotofautiana kwelikweli. Android ni ileile, ila kila mtengenezaji huivalisha sura na mipangilio yake, Samsung One UI, Tecno HiOS, Infinix XOS, na kila mmoja hubana matumizi ya betri kwa namna yake. Simu nyingine huzima programu punde tu ukiiacha. Mfanyabiashara wa viazi Uyole, hapo Mbeya, anasubiri oda kutoka Dar es Salaam. Bando analo, mtandao unashika, simu iko mfukoni kimya. Akifungua programu mwenyewe, jumbe zote zinamwagika kwa mpigo, na mteja keshanunua kwa mwingine. Hiyo ni hasara ya pesa, na fundi atahangaika na laini bure. Ingia Mipangilio, Programu, ichague, gusa Betri, uondoe vizuizi. Baadhi ya simu zina pia swichi ya kuruhusu programu ijiwashe yenyewe, nayo iwashe.

Wanaotengeneza programu za wakulima nawasihi wazijaribu kwenye simu za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 1 au 2, maana bado zipo mikononi mwa watu huku Nyanda za Juu Kusini. Google yenyewe ilitangaza Android Go, toleo jepesi la Android, mwaka 2017 kwa ajili ya simu za namna hiyo.

Na wewe mnunuzi, kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji afungue Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, usome toleo la Android kwa macho yako.