Andiko Moja Halitoshi kwa Benki, Halmashauri na Mfadhili

Tangu mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri irejee mwaka 2024, baada ya kusitishwa Aprili 2023, dawati la biashara hapa Kigoma linapokea maandiko ya kuomba mikopo, zabuni na ufadhili karibu kila siku ya kazi. Malalamiko nayo yameongezeka. Kikundi cha Ujiji kinasema kimenyimwa kwa sababu hakina mtu ndani; mfanyabiashara wa Mwanga anasema zabuni wanapewa wanaojulikana. Yapo malalamiko ya haki, na njia yake nitaieleza. Lakini maandiko mengi hurudishwa kwa sababu moja: mwandishi hakujua anaandika andiko la aina gani, wala nani atalisoma.

Jiulize kwanza: nimeombwa, au najipeleka mwenyewe? Andiko lililoombwa lina tangazo, masharti na tarehe ya mwisho. Hapo jibu kilichoulizwa, kwa mpangilio ule ule uliopewa, hata kama unaona wako ni mzuri zaidi. Andiko ambalo hukuombwa, mathalani unapotaka kuiuzia hoteli binafsi samaki aina ya migebuka au mawese, ni kazi nyingine. Msomaji hana habari na wewe. Kurasa mbili zinatosha, na ya kwanza iseme yeye anapungukiwa nini na wewe utamfikishia nini, kwa bei gani, kila lini. Historia ya kampuni yako tangu kuzaliwa kwa mwanzilishi anaweza kuisoma siku nyingine.

Kwa ununuzi wa serikali, naomba nieleweke vizuri. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeanza kutumika, na zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao. Barua ya kuomba zabuni inayoletwa kwa mkono, hata ikiwa na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa na wa mtendaji wa kata, haina pa kwenda. Hatuikatai kwa kiburi. Hatuna mamlaka ya kuipokea. Jisajili kwenye mfumo ukiwa na TIN na leseni ya biashara iliyo hai, kisha fuatilia matangazo huko huko. Vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu vimetengewa asilimia 30 ya ununuzi wa kila taasisi, lakini kikundi huingia kupitia taasisi wezeshi, yaani chombo kinachokisimamia na kukitambua. Kusajiliwa kata peke yake hakutoshi.

Ndani ya NeST kwenyewe maombi hayafanani. Ukiombwa kotesheni, kinachotazamwa ni kama bidhaa yako inalingana na vipimo vilivyotajwa, kisha bei. Maelezo marefu ya uzoefu hayaongezi kitu. Ukiomba kazi ya ushauri elekezi, pendekezo la kiufundi hukaa peke yake na la fedha peke yake, na la fedha halifunguliwi mpaka la kiufundi limeshapimwa. Anayetaja bei ndani ya la kiufundi amejitoa mwenyewe.

Bei nayo ina mitego. Serikali inapolipia bidhaa hukata kodi ya zuio ya asilimia 2, na kwa huduma asilimia 5. Si mwizi aliyekukata; hesabu yako ndiyo haikuiweka. Wengine wanaongeza VAT ya asilimia 18 ilhali hawajasajiliwa kuitoza. Hilo ni kosa la kikodi.

Na nyaraka za kubandika: leseni ya rafiki, cheti kilichobadilishwa jina, mkataba wa kazi ambayo haikufanyika. Kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake ya jumla ni kifungo cha hadi miaka saba. Mbali na mahakama, mzabuni anaweza kufungiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA) asishiriki zabuni yoyote ya umma nchini. Kijana wa miaka 24 akifungiwa kwa sababu ya cheti cha kuazima, kosa hilo linamfuata kila taasisi anayogusa. Tafadhalini sana.

Sasa mikopo. Mchanganuo wa benki na ule wa mkopo wa kikundi vinakaribiana, maana vyote vinajibu swali moja: fedha itarudi vipi? Mkopo wa halmashauri hauna riba, lakini si zawadi. Bado nasikia watu wakiuita “hela ya serikali”, na wanaousema hivyo ndio hao wanaoshangaa wakidaiwa.

Nichukue mfano wa maandiko ya dagaa, kwa sababu yanakuja kwa wingi kutoka Kibirizi na Katonga. Jedwali la mapato linaonyesha faida ile ile mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili, bila kupanda wala kushuka hata shilingi. Mtu yeyote wa ziwani anajua haiwezekani. Dagaa huvuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikitoka, taa hazivuti kitu na mitumbwi inakaa mwaloni. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mvua zikija, dagaa walioanikwa chanjani wanalowa, wanageuka rangi, na bei inaanguka. Mambo haya mwombaji anayajua kuliko mimi, lakini hayamo kwenye andiko lake, kwa sababu andiko lilitoka kwenye kompyuta ya steshenari. Nimesoma moja la kikundi cha mawese ambalo ukurasa wa tano bado ulikuwa unazungumzia mashine ya kusaga mahindi.

Andika kama unavyojua. Weka siku za giza na siku za mbalamwezi. Weka miezi ziwa likifungwa, na useme marejesho yatatoka wapi wakati huo. Kamati ikiona mwezi wa hasara ulioelezwa vizuri inakuamini zaidi kuliko miezi kumi na miwili ya faida.

Andiko la mfadhili halifanani na hayo. Mfadhili hatafuti faida yake. Anataka kujua nani atanufaika, nini kitabadilika, na utampa taarifa gani ya matumizi. Ubia ni habari nyingine tena. Anayeleta mtaji wa mashine ya kukamua mawese aambiwe wazi nani anamiliki mashine, nani analipa ikiharibika, na mtu anatokaje kwenye ubia. Msipoandika haya, mtayaamua mkiwa mmeshagombana.

Anayeona ameonewa aanze na barua ya kuomba sababu za kukataliwa. Kwa mkopo, ombi hupita kamati ya kata kwanza, basi anzia huko. Kwa zabuni, lalamiko huenda kwa afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi iliyotangaza, ndani ya muda uliowekwa kisheria. Ukichelewa halisikilizwi hata kama una haki. Maelezo haya hayachukui nafasi ya kanuni zenyewe. Na anayetaka andiko lake lisomwe kabla ya kuliwasilisha alete rasimu, si nakala iliyokwisha kufungwa jalada, na aje na mwanakikundi anayetunza daftari la mauzo.