Umri wa mhadhiri hauna safu kwenye e-Utendaji

Kila robo mwaka inapofungwa, dawati letu la rasilimaliwatu chuoni hupokea malalamiko ya aina mbili. Wakufunzi wasaidizi wanasema wazee wamekalia nafasi. Wazee nao wanasema mfumo wa PEPMIS, yaani ule wa e-Utendaji unaopima kazi za watumishi wa umma kwa alama, uliletwa kuwaondoa. Pande zote mbili zimekosea.

Katika utumishi wa umma Tanzania, kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Kwa maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa ni 60 na 65. Kinachoongeza miaka hiyo mitano ni cheo. Shahada ya uzamivu peke yake haiongezi hata siku moja, kwa hiyo mhadhiri ambaye hajapanda kuwa mwandamizi anaondoka akifika 60. Tumelieleza hili mara nyingi mno, na bado watu wanashtuka wakipokea barua.

Tarehe ya kuzaliwa ni ile uliyojaza ulipoajiriwa mara ya kwanza. Usituletee kiapo cha mahakama ulichokula mwaka jana. Cheti cha kughushi ni kosa la nidhamu na pia la jinai, na mshahara uliolipwa baada ya tarehe halali ya kustaafu hudaiwa urudishwe.

Sasa utendaji wenyewe. Muhula uliopita niliketi nyuma ya ukumbi, darasa la kemia, feni zikiunguruma. Mwanafunzi aliuliza kuhusu floraidi. Profesa akaeleza kloraidi kwa dakika tano, na kwa ufasaha mkubwa. Vijana wakacheka: mzee kachoka. Hakuchoka. Masikio yanapozeeka, sauti nyembamba kama f, s na sh ndizo hutangulia kupotea, irabu zinabaki. Kipaza sauti cha kupokezana kingemaliza kicheko kile. Lakini profesa hakuwahi kutuambia kuwa hasikii vizuri, na sisi hatupimi masikio ya mtu kwa kubahatisha.

Kwa ujumla, kasi ya akili hupungua kadiri umri unavyosogea, ilhali msamiati na maarifa yaliyokusanywa hudumu vizuri hadi miaka ya sitini. Ndiyo maana mkuu wa idara mwenye busara hamrundikii mzee vitabu 400 vya mtihani kwa wiki mbili, bali humpa tasnifu za kusimamia. Huo ni mgawanyo wa kazi tu. Upendeleo haumo.

Kuhusu alama: ingia ESS, lango la watumishi mtandaoni, kwa cheki namba yako (namba yako ya mtumishi kwenye mishahara), chagua lengo la idara, jaza jukumu, jaza kazi ndogo zake, kisha wasilisha kwa msimamizi. Asipoidhinisha, mkumbushe. Usisubiri siku ya mwisho. Tumewahi kuwa na profesa aliyesimamia wanafunzi wa uzamivu mwaka mzima bila kumjaza hata mmoja, akapitwa alama na kijana aliyejaza kila kipindi. Akalalamika kwamba anabaguliwa kwa umri. Mfumo husoma kilichojazwa, basi.

Anayetaka kuendelea kwa mkataba baada ya 65 apitishie ombi idarani mapema, kwa kuwa linahitaji kibali cha Utumishi, ofisi ya serikali inayosimamia watumishi wa umma, na haliishii mezani kwetu. Likitufikia baada ya tarehe ya kustaafu, tutakachokuwa nacho cha kukupa ni fomu za PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma.