Puto si Mwezi: dhana potofu kwenye somo la mvutano wa sayari

Ukikaa na walimu wa sayansi wa kusini mwa Tanzania, iwe Mtwara mjini, Masasi au Nachingwea, zoezi la kuiga mvutano wa sayari nyingine ni lilelile. Mwalimu anapanda juu ya dawati, mkono mmoja jiwe, mkono mwingine puto, anaviachia. "Jiwe ni Dunia, puto ni Mwezi." Darasa linapiga makofi, na kosa limeshaingia vichwani mwa watoto hamsini kwa mpigo.

Dhana: kitu chepesi kikishuka polepole, tumeiga mvutano mdogo

Hapana, hapana kabisa. Puto hushuka polepole kwa sababu hewa inalizuia. Mvutano unaolivuta ni uleule unaolivuta jiwe, 9.78 m/s² kwa hapa kwetu pwani ya kusini (9.81 ya vitabuni ni ya nchi zilizo mbali zaidi na ikweta, tofauti ni ndogo, isikusumbue). Ulichobadilisha ni ukinzani wa hewa, si mvutano. Tena umekwenda kinyume na Mwezi wenyewe, maana kule hewa haipo. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia kwa pamoja nyundo ya kilo 1.32 na unyoya wa kozi wa gramu 30. Vilitua Mwezini wakati mmoja.

Madhara yake huonekana wiki inayofuata. Muulize mtoto aliyefundishwa kwa puto kwa nini wanaanga waliruka-ruka Mwezini, atakujibu, "Kwa sababu hakuna hewa." Ameunganisha hewa na mvutano, na sisi ndio tuliomuunganishia. Mpe namba tatu. Zuhura ina angahewa nzito yenye kanieneo karibu mara 90 ya yetu, lakini mvutano wake ni 8.87, mdogo kuliko wa Dunia. Mirihi ina hewa hafifu, kanieneo yake haifiki hata asilimia 1 ya yetu, na mvutano wake ni 3.7. Utaridi haina angahewa ya kutajika, na mvutano wake ni 3.7 vilevile. Hewa haimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Kama puto umeshalitumia, lirekebishe kipindi hichohicho. Chukua kitabu na karatasi ndogo kuliko jalada lake, ilaze karatasi juu ya kitabu bila kubaki ukingo unaotokeza, kisha uachie kitabu. Vinafika chini pamoja.

Zoezi zuri la kuiga hubadilisha mvutano peke yake. Njia rahisi kuliko zote ni mteremko. Goroli ikiwa kwenye mteremko huvutwa na sehemu tu ya mvutano wa Dunia, na ukubwa wa sehemu hiyo unauchagua wewe kwa kuinua au kushusha ncha. Galileo alitumia njia hii bila saa ya maana. Sisi tuna simu mfukoni.

Tafuta bomba la PVC la inchi 2, urefu zaidi kidogo ya mita 2, ulipasue kwa msumeno wa chuma upate mfereji. Weka alama mbili zilizoachana mita 2 kamili. Goroli iwe ya chuma, ile ya beringi, gereji wanazitupa. Ioshe kwa sabuni kwanza, kwa sababu ikiwa na grisi itateleza badala ya kubiringika na itawahi kufika. Mwishoni weka kopo la bati ili isikike inapofika.

Urefu wa kunyanyua, yaani tofauti ya kimo kati ya alama ya juu na ya chini, ni sentimita 46 kwa Mwezi na sentimita 106 kwa Mirihi. Goroli itamaliza mita 2 kwa sekunde 1.57 Mwezini na 1.04 Mirihini. Jiwe likiachiwa kutoka mita 2 hapa Duniani hutumia sekunde 0.64. Wanafunzi wakiziona namba hizo tatu ubaoni hawahitaji puto.

Wengi hukosea kwenye hiyo 46. Wanapiga hesabu ya mteremko mtupu, wanapata sentimita 33, halafu goroli inachukua sekunde 1.86 na wanalaumu bomba. Goroli haitelezi, inabiringika. Sehemu ya nishati inakwenda kwenye kuzunguka, hivyo gololi au goroli yoyote isiyo na uwazi ndani hupata sehemu tano kati ya saba, yaani 5/7, ya mchapuko (kiwango cha kuongeza kasi) unaoutarajia. Mpira wa tenisi ya mezani una uwazi ndani, wenyewe hupata 3/5 tu: nyanyua 55 kwa Mwezi, ingawa hewa nayo itauchelewesha, mimi siushauri. Na kama badala ya bomba umepigilia mbao mbili zikafanya kona ya mraba, goroli inagusa pande mbili na kuzunguka zaidi kwa kila hatua. Hapo nyanyua 60.

Mambo mengine yanayoharibu: sakafu isiyo sawa (pima kimo kwa mpira wa maji kama mafundi ujenzi, usipime kutoka sakafuni); bomba linalopinda katikati (weka tofali la kuliegemeza); na mkono unaosukuma. Izuie goroli kwa rula, kisha vuta rula haraka kuelekea chini ya mteremko. Ukiinyanyua rula juu inaisugua goroli na kuizungusha kinyume. Kwa Mirihi goroli inafika chini na kasi ya karibu mita 4 kwa sekunde, kwa hiyo nyuma ya kopo weka kiroba cha mchanga.

Kupima muda kwa kubonyeza saa kuna kosa la sehemu mbili za kumi za sekunde hivi, ambalo kwa Mwezi linavumilika lakini kwa Mirihi ni kubwa mno. Rekodi video. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde, basi safari ya Mwezi ni picha 47 na ya Mirihi 31. Kuhakikisha mtambo unafanya kazi, weka alama nyingine sentimita 50 kutoka mwanzo: muda wa kufika hapo lazima uwe nusu ya muda wa mita 2. Usipokuwa nusu, kuna msuguano au bomba limepinda. Upepo wa kusi unaopita madirishani hauigusi goroli ya chuma. Puto ungelikuta ofisini kwa mwalimu mkuu.

Dhana: Mwezi una mvutano wa moja ya sita, basi punguza kasi ya video mara sita

Hii angalau inatoka kwa mtu anayefikiri. Video ni njia nzuri, na kwa Mshtarii (Jupita, 24.8 m/s²) ndiyo pekee inayofaa, kwa sababu mteremko hauwezi kuzidi mvutano wa Dunia hata ukiusimamisha wima. Ila mvutano unaoonekana kwenye video hubadilika kwa mraba wa kasi ya kuichezesha. Ukipunguza kasi mara sita, unapata mvutano mdogo mara 36.

Rekodi mtu akirusha jiwe juu, jiwe la maana, si karatasi, kisha chezesha kwa kasi ya 0.4 kwa Mwezi, 0.6 kwa Mirihi, 1.6 kwa Mshtarii. Programu nyingi za simu zinaruka kutoka 1 hadi 0.5. Hiyo 0.5 inakupa 2.4 m/s², ambayo si Mwezi wala Mirihi. Tafuta programu inayokuruhusu kuchagua kasi mwenyewe. VLC inafanya hivyo.

Dhana: chupa za mchanga zinaonyesha jinsi vitu vinavyoanguka kwenye kila sayari

Chupa ni nzuri kwa jambo moja tu: kuonja uzito mkononi. Tumia chupa za lita 1.5 zilizofungwa karatasi zisionyeshe ndani, zote za ukubwa mmoja, kwa sababu kati ya vitu viwili vyenye uzito sawa mkono huona kidogo ndicho kizito. Ukichagua gramu 500 kuwa Dunia, Mwezi ni gramu 83, Mirihi 190, Zuhura 453, Zohali 530 hivi, Mshtarii 1,265. Uzito wa chupa tupu umo ndani ya hesabu hiyo, usiusahau kwenye ya Mwezi.

Kisha ziweke mezani na zikae hapo. Ukiziangusha zote zitafika pamoja, na mtoto atahitimisha kwamba sayari zote ni sawa. Wala asizitikise kushoto na kulia: chupa ya Mshtarii itamwia ngumu kutikisa kwa sababu umeongeza tungamo (wingi wa maada iliyomo), ilhali kwenye Mshtarii wenyewe chupa ya nusu kilo ingetikisika kama hapa.

Dhana: sayari kubwa, mvutano mkubwa

Zohali ina tungamo mara 95 ya Dunia, na mvutano wake unazidi wetu kwa asilimia 6 tu. Uranus ina tungamo zaidi ya mara 14 na mvutano wake ni mdogo kuliko wetu. Umbali kutoka katikati hadi juu unahesabiwa kwa mraba, na sayari hizo zimejitanua. Mirihi ina karibu mara mbili ya tungamo la Utaridi, mvutano ni uleule 3.7. Basi.

Dhana: kwenye kituo cha anga hakuna mvutano

Kituo kiko kama kilomita 400 juu. Kule mvutano ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao na kituo chao wanaanguka pamoja kuizunguka Dunia. Toboa chupa ya maji karibu na kitako, maji yatoke, kisha iachie kutoka juu ya dawati nje ya darasa: ikiwa hewani maji yanaacha kutoka. Rekodi, maana jicho halitawahi.

Dhana: kilo moja ya korosho ingekuwa pungufu Mwezini

Inategemea mizani. Ya springi ingesoma gramu 166. Ya mawe, ile yenye sahani mbili, ingesoma kilo moja kamili, kwa sababu mawe nayo yamepungua uzito kwa kiasi kilekile.

Dhana: bila kompyuta na projekta somo hili halifundishiki

Yote hapo juu ni bomba, goroli na simu. Lakini ukiwa nayo kompyuta hata moja, PhET, tovuti ya majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ina maabara ya pendulamu unayoweza kuipakua mara moja na kuitumia bila bando. Ndani yake unachagua Mwezi, Dunia, Mshtarii, na Sayari X ambayo mvutano wake umefichwa. Usiwaonyeshe wanafunzi jinsi inavyobembea na kuishia hapo. Wapime muda wa mabembeo 10, wagawe kwa 10, waingize kwenye kanuni ya pendulamu, g = 4π²L/T² (T ni muda wa bembeo moja), pamoja na urefu wa uzi, L, na kila kundi liandike mvutano wa Sayari X ubaoni. Kundi litakalopata jibu la ajabu, kagua kwanza kama limehesabu kwenda bila kurudi kuwa bembeo zima. Likifanya hivyo jibu lake huwa kubwa mara nne.